Tutengeneze Njia, Tusimketishe Mzee

Somo la vikundi: kuzuia kuanguka na kumwezesha mzee aendelee kujitegemea



Tunapowatembelea wazee katika sharika zetu, mazungumzo ya afya huwa ni yale yale: presha, sukari, macho na maumivu ya magoti. Ni mara chache mzee hutaja kuanguka. Ukimwuliza waziwazi atasema, "Niliteleza kidogo tu," kisha atakuuliza habari za watoto. Anaona aibu. Zaidi ya hapo, anaogopa kwamba watoto wake wakisikia watamkataza kwenda shambani, sokoni na hata kanisani.

Hofu hiyo ina msingi. Katika nyumba nyingi jambo la kwanza linalofanyika baada ya mzee kuanguka ni kumketisha. Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba kumketisha mzee hakuzuii kuanguka, bali huongeza hatari. Tutaeleza pia mambo ambayo familia, jumuiya na usharika wanaweza kuyafanya, mengi yake bila fedha au kwa fedha kidogo sana.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na wanaofariki kwa wingi ni watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kati ya ajali zote zisizo za makusudi, ni ajali za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi. Katika taarifa yake ya mwaka 2007, shirika hilo lilieleza kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, 28 hadi 35 huanguka kila mwaka.

Wengi wao hawafi, lakini maisha yao hubadilika. Mzee aliyevunjika nyonga anaweza kulala kitandani kwa wiki nyingi. Akilala hivyo hupata vidonda vya mgongoni, nimonia au damu kuganda miguuni. Hata asiyevunjika mfupa anaweza kubaki na woga. Huanza kutembea akishika ukuta, hupunguza safari zake, na baada ya miezi michache hawezi tena kufika kwa jirani. Katika familia, binti au mjukuu huacha kazi au shule ili amhudumie. Hivyo kuanguka mara moja kunaweza kuirudisha nyuma familia nzima.

Heshima inayodhoofisha

Sisi tumelelewa kuwaheshimu wazee. Amri ya Nne tuliyofundishwa katika Katekisimo inatuagiza hivyo, na mila zetu zinasema vivyo hivyo. Lakini heshima hiyo mara nyingi huonekana katika maneno haya: "Mama, kaa tu, tutafanya sisi." Anapoinuka kuchuma mboga, mkwe anamwahi. Akitaka kwenda kuwatazama mbuzi, mjukuu anatumwa. Anawekewa kiti kibarazani asubuhi, naye anatolewa hapo jioni.

Tukumbuke jinsi mwili unavyofanya kazi. Misuli isiyotumika hupungua, na kwa mzee hupungua haraka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kikundi kidogo cha wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Katika siku hizo 10 kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, na nguvu za magoti zilishuka pia. Basi mzee anayekaa kibarazani mwaka mzima atakuwa amepoteza kiasi gani? Siku akilazimika kuinuka mwenyewe kwenda chooni, miguu haitamsaidia.

Katika moja ya ziara zetu tulimkuta bibi mmoja ambaye wanawe walimjengea nyumba nzuri ya matofali, wakamwekea msichana wa kazi na kumkataza kabisa kufanya lolote. Walifanya hivyo kwa upendo. Lakini alituambia kwa sauti ya chini, "Wamenipa kila kitu, ila wameninyang'anya miguu." Tulipokaa na familia, hatukuwaambia wamrudishe shambani na jembe zito. Tulikubaliana kwamba atachambua maharage akiwa amesimama penye meza, atalisha kuku mwenyewe, na kila jioni atatembea na mjukuu hadi kwa jirani na kurudi. Kwa upande wao watoto walichukua kazi ya kurekebisha ngazi ya mlangoni na njia ya chooni.

Huu ndio mgawanyo wa kazi tunaoupendekeza: mzee atembee, sisi tutengeneze njia.

Kwa nini wazee huanguka

Ni nadra kuanguka kuwe na sababu moja. Mara nyingi sababu mbili au tatu hukutana. Kwa mfano: miguu dhaifu, giza na jiwe mlangoni. Tukiondoa hata moja kati ya hizo, tumepunguza hatari. Sababu za kawaida ni hizi:

1. Miguu dhaifu na mwili unaoyumba. Hii ndiyo sababu kubwa, na ndiyo ambayo mazoezi huisaidia.

2. Macho. Mtoto wa jicho humfanya mzee asione ukingo wa ngazi au shimo dogo. Hali hii hutibika kwa upasuaji. Tusiseme "ni uzee tu" kabla mzee hajapimwa.

3. Kizunguzungu anapoinuka. Baadhi ya wazee presha yao hushuka ghafla wanaposimama. Mzee akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ahesabu polepole hadi 20, ndipo asimame akiwa ameshika kitu.

4. Dawa. Dawa za presha, za sukari na za usingizi zinaweza kuleta kizunguzungu au usingizi, hasa zikiwa nyingi kwa pamoja. Mzee asiache dawa mwenyewe. Achukue dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani na za miti shamba, azionyeshe kituo cha afya na aulize.

5. Miguu iliyokufa ganzi. Hutokea hasa kwa wenye kisukari. Mguu usiohisi ardhi hukosea hatua. Kucha ndefu na vidonda pia hubadilisha mwendo.

6. Ugonjwa mwingine. Mzee ambaye haangukagi, akianza kuanguka ghafla au kuchanganyikiwa, huenda ana malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo. Apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

7. Pombe. Hata kiasi ambacho hakikumsumbua akiwa na miaka 40 kinaweza kumwangusha akiwa na miaka 70.

8. Mazingira. Utelezi, giza, ngazi mbovu, viatu visivyofaa. Hapa ndipo familia inaweza kufanya mengi kwa siku moja.

Kagua nyumba na njia

Tunashauri ukaguzi huu ufanyike pamoja na mzee mwenyewe. Tembeeni naye taratibu kutoka kitandani hadi chooni, kisha jikoni, kisha bombani na barabarani. Mwulizeni, "Babu, ni wapi huwa unashika?" na "Ni wapi unapaogopa?" Yeye anajua kuliko ninyi.

Chumbani. Kitanda kisiwe kirefu wala kifupi mno: akiketi, nyayo zikanyage chini na magoti yawe sawa na nyonga. Tochi au taa ndogo ya sola iwe mahali anapoifikia akiwa amelala. Mikeka iliyokunjamana na magunia ya kufutia miguu mlangoni yaondolewe.

Chooni na bafuni. Hapa ndipo tumeona hatari kubwa zaidi. Choo kiko mbali, njia ina mteremko, na kuchuchumaa na kuinuka ni kazi ngumu kwa magoti ya mzee. Chimbieni nguzo mbili imara kila upande wa tundu, mfunge mti wa kushikia kwa urefu wa kiuno. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Usiku, ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu, bali ni usalama. Sakafu ya saruji iliyopigwa laini ikilowa huteleza kama barafu, hivyo fundi aikwaruze kwa ufagio kabla haijakauka. Sabuni iwekwe juu, mzee asiiiname kuitafuta.

Mlangoni na uani. Pakeni chokaa nyeupe ukingoni mwa kila ngazi na kizingiti ili kionekane hata jioni. Ngazi zote ziwe na kimo kimoja, kwa maana mguu huzoea kimo. Wekeni mti wa kushikia upande mmoja. Kamba za mbuzi, majembe, ndoo na kuni zisikae njiani.

Njia. Sisi tunaoishi milimani tunajua udongo mwekundu wakati wa masika. Chimbeni mfereji mdogo pembeni ili maji yasipite katikati ya njia. Mwageni kokoto au moramu, na penye mteremko mkali chongeni ngazi na kuzikinga kwa mawe au magogo. Kazi hii ifanyike kabla ya mvua, si baada ya mtu kuvunjika.

Jikoni. Vitu anavyotumia kila siku viwe kati ya kiuno na mabega, ili asiiname wala asipande juu ya kigoda. Kigoda kifupi cha mekoni ni kigumu kuinukia, hivyo mtafutieni kiti cha kimo cha magoti.

Mavazi. Kandambili zilizolika ni adui. Kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli nyembamba isiyoteleza, ni bora zaidi. Kitenge au kanzu isiburuze. Mzee asibebe ndoo ya maji kichwani penye utelezi. Atumie vidumu viwili vidogo au apelekewe maji.

Mazoezi ya miguu

Mapema miaka ya 1990 na kuendelea, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitengeneza mazoezi mepesi ambayo mzee anaweza kuyafanya nyumbani: kuimarisha miguu, kuzoeza mwili usiyumbe, na kutembea. Walipokusanya matokeo ya wazee 1,016 wenye umri wa miaka 65 hadi 97, waliona kuanguka kumepungua kwa asilimia 35. Mwaka 2019 uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti 108 kutoka nchi mbalimbali ulithibitisha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Hakuna haja ya mashine. Kinachotakiwa ni kiti imara, ukuta na uaminifu wa kurudia.

Kwanza pimeni. Weka kiti, pima mita 3 na uweke alama. Mzee aketi, ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi na kuketi. Tazama sekunde kwenye simu. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka, na anahitaji mtu wa kusimama karibu naye wakati wa mazoezi.

Kisha afanye haya mara 3 kwa wiki, akiwa karibu na ukuta au meza nzito:

• Kuinuka na kuketi. Aketi mbele kidogo ya kiti, ainuke na kuketi polepole mara 5. Mwanzoni atumie mikono, baadaye aikunje kifuani. Aongeze taratibu hadi mara 10.

• Kusimama kwa vidole. Akishika meza, ainue visigino, ashushe. Mara 10. Kisha ainue vidole na kusimama kwa visigino. Mara 10.

• Kuinua mguu pembeni. Akiwa amesimama wima, ainue mguu mmoja upande bila kuinama. Mara 10 kila mguu.

• Kusimama bila kuyumba. Aweke nyayo pamoja kwa sekunde 10. Akiweza, atangulize unyayo mmoja nusu. Akiweza, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Mwisho kabisa, asimame kwa mguu mmoja. Asipande hatua inayofuata kabla ya kuimudu ile ya kwanza.

• Kutembea. Angalau mara 2 kwa wiki atembee dakika 30. Anaweza kuzigawa mara tatu za dakika 10.

Asikie uchovu kidogo wa misuli, lakini si maumivu. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, aache na apelekwe kituo cha afya. Mazoezi huonyesha matunda baada ya wiki kadhaa, na yakiachwa faida hupotea.

Misuli haijengwi kwa mazoezi peke yake. Mzee anahitaji maharage, dagaa, mayai au maziwa kila siku, si ndizi au uji mtupu. Katika baadhi ya nyumba mzee hutengewa uji kwa sababu meno yamekwisha. Basi uji huo uwekwe maziwa au karanga zilizosagwa.

Mkongojo

Wazee wengi hukataa mkongojo kwa kuona ni tangazo la udhaifu. Tuwakumbushe kwamba fimbo imekuwa mkononi mwa wazee wetu siku zote kama alama ya heshima. Ila iwe ya kipimo chake: akisimama na mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini ifungwe kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu ili isiteleze. Aishike kwa mkono ulio upande wa mguu wenye nguvu, si upande wa mguu mbovu. Akipanda ngazi mguu wenye nguvu utangulie. Akishuka, mguu mbovu na fimbo vitangulie.

Akianguka

Watu wa nyumbani hukimbilia kumnyanyua. Tusifanye haraka. Mwacheni atulie, mwulizeni anaumia wapi.

Ikiwa hana maumivu makali, ageuke kwa ubavu, apige magoti akitumia mikono, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu ya kiti, akanyage kwa mguu wenye nguvu, ainuke na kuketi. Ni vizuri njia hii ikafanyiwa mazoezi mapema, akiwa mzima, juu ya mkeka. Mzee anayejua kuinuka haogopi kutembea.

Ikiwa ana maumivu ya nyonga au kinena, hawezi kukanyaga, au mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Asisimamishwe, asikandwe wala kuvutwa. Abebwe kwa machela au mlango wa mbao, mguu ukiwa umetulizwa, apelekwe hospitali mapema. Kumkanda kwa siku tatu "kuona kama itapoa" huharibu zaidi.

Ikiwa amejigonga kichwa, angalieni kwa wiki kadhaa. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja ni dalili za kuvuja damu ndani ya kichwa. Kwa wazee dalili hizi zinaweza kuchelewa.

Usharika ufanye nini

Tuanze na kanisa lenyewe. Je, ngazi za mlangoni zina mahali pa kushikia? Choo cha kanisa kinamfaa mwenye magoti mabovu? Mzee anayeacha kuja ibadani huenda hajapoa kiimani, bali anaogopa ngazi zile.

Vijana wa kipaimara wanaweza kupangiwa Jumamosi moja kwa mwezi ya kutengeneza njia na kuweka miti ya kushikia kwa wazee wanaoishi peke yao. Umoja wa wanawake unaweza kuanza kikao kwa dakika 15 za mazoezi, wote pamoja, ili wazee wasijione wametengwa. Wainjilisti na wazee wa kanisa wanapotembelea nyumba waongeze swali moja: "Bibi, tangu tuonane umewahi kuanguka?" Aliyeanguka mara mbili katika mwaka mmoja asaidiwe kufika kituo cha afya. Na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, inaweza kuwa siku ya kila usharika kueleza njia ngapi zimetengenezwa tangu mwaka uliopita.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika jumuiya yetu, ni wazee wangapi wameanguka mwaka huu? Nani alijua?

2. Ni kazi zipi tulizowanyang'anya wazee wetu kwa heshima? Ni zipi tunaweza kuwarudishia kwa usalama?

3. Tembeeni kutoka kitanda cha mzee mmoja hadi chooni wakati wa jioni. Mmeona hatari gani? Ipi inaweza kuondolewa wiki hii bila fedha?

4. Kuna mafundi gani kati yetu? Wanaweza kutoa siku ngapi?

5. Kwa wazee mliopo: ni jambo gani mngependa kuendelea kulifanya kwa mikono na miguu yenu wenyewe? Vijana wasikilize bila kujibu.

Tunawashauri viongozi wa vikundi waandike majibu ya swali la tatu na la tano, kisha wayarudie katika kikao kijacho ili kuona ni nini kimefanyika. Mungu awabariki katika kazi hiyo.